Kuku Aliyeponea Meno ya Mnyama: Namna ya Kumuuguza Nyumbani

Kuku aliyeng'atwa na kicheche usiku, au aliyetikiswa na mbwa mchana kweupe, mara nyingi hafi kwa sababu ya jeraha linaloonekana. Hufa kwa mshtuko saa chache baada ya tukio. Hufa siku ya tatu kwa usaha uliojificha chini ya ngozi iliyokwisha kufunga, au kwa funza wa nzi. Na wapo wanaokufa kwa dawa waliyopakwa na mwenye kuku mwenyewe, kwa nia njema kabisa. Jeraha lenyewe, hata likiwa la kutisha, mwili wa kuku una uwezo mkubwa wa kulifunga: ngozi iliyochunika mgongoni au kisogoni kwa upana wa kiganja huweza kuota tena ndani ya wiki chache, mradi palipochunika pabaki safi na pasikauke mno. Kwa hiyo kuku wengi wanaochinjwa haraka kwa kuonekana hawana maisha tena wangepona, na kazi ya anayewauguza ni ndogo kuliko inavyodhaniwa, ila inataka mpangilio.

Wavamizi wa kuku wa nyumbani Afrika Mashariki ni wengi, na kumjua aliyevamia husaidia kujua jeraha la kutafuta. Mwewe na kipanga hushuka mchana na kunyakua vifaranga. Kuku mkubwa akiwaponyoka hubaki na matundu ya kucha mgongoni na ubavuni. Kicheche na kanu huja usiku na hulenga shingo na kichwa. Wakipenya kwenye banda lililofungwa wanaweza kuua kuku wengi kuliko wanaoweza kula, na yule aliyebaki hai hukutwa amejibanza pembeni, pengine chini ya mizoga ya wenzake. Nguchiro, ambao aina zao nyingi hutembea mchana, huuma vivyo hivyo shingoni. Panya hawaogopwi inavyostahili: huwatafuna vifaranga, na usiku huweza kumtafuna miguu kuku anayeatamia, kwa kuwa haondoki juu ya mayai yake.

Paka na mbwa wanahitaji kutajwa peke yao, kwa sababu majeraha yao hudanganya. Meno ya paka ni membamba. Huacha kitundu kidogo kisichotoa damu nyingi, lakini chenye kina, na mdomoni mwake mna bakteria wa jamii ya Pasteurella ambao wakiingia kwenye damu ya ndege huweza kumuua kwa muda mfupi. Mbwa huuma na kutikisa. Nje huonekana manyoya yaliyotapakaa na ngozi iliyochanika, kumbe ndani misuli imepondeka, mifupa imevunjika na damu imevia. Kuku aliyetoka mdomoni mwa mbwa akiwa hana hata tone la damu bado ni mgonjwa wa kuangaliwa kwa saa 24 zote zinazofuata.

Siafu nao ni wavamizi, ingawa hawana meno ya kurarua. Kuku aliyefungiwa bandani hana pa kukimbilia wanapopita. Humwingia puani, machoni na kwenye njia ya haja. Huyo hutolewa mara moja na kupelekwa mbali, kisha siafu hung'olewa mmoja mmoja kwa kibano au vidole, maana taya hubaki zimeng'ata hata kiwiliwili kikikatika. Macho na pua husafishwa kwa maji ya chumvi, na kuanzia hapo huuguzwa kama mwingine yeyote.

Saa ya kwanza

Kuku aliyeshambuliwa hafukuzwi uwanjani na kundi la watoto, wala hashikwi miguu akaning'inizwa kichwa chini, desturi iliyoenea sokoni na majumbani na ambayo kwa kuku aliyejeruhiwa ni hatari kubwa. Ndege hana kiwambo cha kutenganisha kifua na tumbo kama alichonacho binadamu. Hupumua kwa kuuchezesha mfupa wa kidari, hewa ikiingia na kutoka kwenye mifuko ya hewa iliyoenea mwilini. Akining'inizwa, matumbo huilalia mifuko hiyo. Akibanwa kidari, anakosa pumzi hata kama mdomo na pua viko wazi. Njia salama ni kumfunika kwa kanga au taulo, kuzikusanya mbawa mwilini, na kumnyanyua kwa mikono miwili, mmoja ukiwa chini yake.

Kinachotangulia mambo yote ni damu inayotoka kwa kasi. Kuku wa kilo moja na nusu ana damu ya takriban mililita 100 tu, kiasi kisichozidi nusu kikombe cha chai, kwa hiyo kinachoonekana kuwa kidogo sakafuni kwake si kidogo. Kitambaa safi hukandamizwa juu ya jeraha kwa dakika tano mfululizo bila kuinuliwa kuchungulia, kwa sababu kila kuinua hubandua damu iliyoanza kuganda. Ukucha au ncha ya mdomo iliyovunjika hukandamizwa kwa unga laini wa mahindi. Unyoya mchanga wa bawa au wa mkia una damu ndani ya shina lake. Ukivunjika hutiririka kwa muda mrefu, na dawa yake ni kubana shina hilo kwa vidole mpaka litulie.

Damu ikikoma, kuku huwekwa kwenye katoni au tenga lililofunikwa, lenye maranda au kitambaa chini, mahali penye giza na ukimya, mbali na mbwa na mbali na moshi wa jiko, kwani mapafu ya ndege hayastahimili moshi. Giza si jambo dogo. Ndege asiyeona hatari hutulia, na moyo unaokwenda mbio hurudi taratibu kwenye mwendo wake. Joto la kawaida la mwili wa kuku ni karibu nyuzi 41, na aliyeingia kwenye mshtuko hupoa: miguu huwa ya baridi, upanga wa kichwani hupauka, macho hufumba, shingo hulegea. Chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kitambaa huwekwa upande mmoja tu wa katoni, ili akizidiwa na joto apate pa kusogea. Kwenye mchana wa joto la Pwani chupa haihitajiki. Kuku anayehema mdomo wazi huku mbawa amezitanua anaomba kivuli na hewa.

Kwa nusu saa hadi saa moja huachwa hivyo hivyo. Hamu ya kuanza kuosha na kufunga ni kubwa, lakini ndege aliye kwenye mshtuko mzito anaweza kufia mikononi mwa anayemtibu, wakati jeraha lililokwisha kuacha kutoa damu linaweza kusubiri.

Kinywaji chake cha kwanza ni maji yale yale anayopewa mtoto anayeharisha: vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa lita moja ya maji safi, au pakiti ya ORS. Ncha ya mdomo wake huchovywa kwenye maji hayo, naye akiwa na nguvu atakunywa mwenyewe. Asipoweza, matone machache huwekwa pembeni mwa mdomo, akameza, ndipo yakafuata mengine. Kumimina ni kosa linaloua. Tundu la njia ya hewa ya kuku liko wazi nyuma ya ulimi, halina kifuniko, na maji anayomiminiwa kuku aliyelegea huishia mapafuni.

Kutafuta majeraha yote

Uchunguzi unataka mwanga wa kutosha na watu wawili, mmoja wa kushika na mwingine wa kutazama. Manyoya huficha mengi. Hupulizwa au kufunuliwa kinyume cha uelekeo wake, kidogo kidogo, kuanzia kisogoni, shingo yote, gole, chini ya kila bawa, mgongoni, ndani ya mapaja, na kumalizia sehemu ya kutagia na chini ya mkia. Taya lina pande mbili. Palipo na kitundu kimoja hutafutwa cha pili upande wa pili. Unyoya uliolowa mate na kushikana, au uliogandamana kwa damu kidogo, ndio mara nyingi unaoonyesha mahali jino lilipoingia.

Dalili nne hubadilisha mwelekeo wa tiba. Maji au punje zinazovuja shingoni zinaonyesha kwamba gole limetoboka, na hilo linahitaji kushonwa na mtaalamu wa mifugo. Povu au vipovu vya hewa kwenye jeraha vinaonyesha kwamba mfuko wa hewa umefikiwa. Jeraha la namna hiyo halipigwi maji hata kidogo, hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu tu. Mfupa wa juu wa bawa nao ni wa kuogopwa kwa sababu hiyo hiyo, kwani una uwazi ndani unaoungana na mifuko ya hewa. Ukivunjika na kutokeza nje, maji yanayomwagwa pale yanaweza kumzamisha kuku akiwa nchi kavu. Ya tatu ni uvimbe laini wa hewa chini ya ngozi, unaobonyea na kutoa mlio mdogo ukiguswa. Huu hutisha kwa sura lakini mara nyingi hunywea wenyewe kwa siku kadhaa. Ya nne ni miguu yote miwili kunyooka bila kuhisi kidole kikiminywa, nayo itarudiwa mbele.

Kuosha, na mambo ya kuacha

Kwa majeraha mengine yote, dawa iliyo bora ni maji ya chumvi, na mengi. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa, hutiwa kwenye nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kuachwa yapoe mpaka yawe vuguvugu. Kiwango hiki kinakaribia chumvi iliyomo mwilini, ndiyo maana hakiwashi wala hakiunguzi nyama mpya. Manyoya yanayozunguka jeraha hukatwa kwa mkasi hadi karibu na ngozi. Hayang'olewi, kwa sababu ngozi ya kuku ni nyembamba na huchanika pamoja nayo. Kisha maji hupigwa kwa bomba la sindano lililotolewa sindano, au kwa chupa ya plastiki iliyotobolewa kitundu kwenye kifuniko, hadi yatoke safi bila uchafu wala damu iliyoganda. Vitundu vya meno ndivyo vinavyohitaji maji zaidi kuliko michaniko mikubwa, kwa kuwa mchaniko hujionyesha na kukauka, ila kitundu hufunga mlango juu huku uchafu ukiwa umebaki ndani.

Baada ya chumvi, aidini ya kusafishia vidonda huweza kupakwa mara moja, ikiwa imezimuliwa kwa maji hadi ifanane rangi na chai isiyo na maziwa. Asali safi isiyochanganywa sukari, kama ile ya misitu ya miombo ya Tabora, ni dawa ya kweli ya vidonda vilivyochunika: huzuia bakteria na huhifadhi unyevu. Sharti lake ni kufunikwa kwa kitambaa, la sivyo itawaita sisimizi.

Jeraha la jino halishonwi nyumbani, na hata wataalamu wengi huliacha wazi, maana kulishona ni kuwafungia bakteria ndani. Mchaniko msafi na mpya wa ngozi ndio unaoweza kushonwa, tena na mwenye ujuzi.

Yapo mambo ambayo mazoea yameyapa jina la dawa bila kustahili. Mafuta ya taa, oili chafu ya gari, unga wa ndani ya betri, sabuni ya unga, spiriti, tumbaku iliyosagwa: vyote hivi huunguza nyama iliyo hai na kuchelewesha kupona. Majivu, hata yawe laini namna gani, huacha chembe ndani ya kidonda. Kuna sababu nyingine isiyofikiriwa sana. Kuku hujisafisha kwa mdomo, unyoya kwa unyoya, siku nzima. Chochote kinachopakwa juu ya manyoya yake hatimaye huishia tumboni, kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kumpaka kitu ni kama kinafaa kumezwa.

Siku zinazofuata

Nzi ni adui wa saa za mwanzo. Huvutwa na harufu ya damu, hutaga kwenye kingo za jeraha na kwenye manyoya machafu ya chini ya mkia, na kwenye joto mayai huanguliwa kabla siku haijaisha. Kuku mwenye kidonda hukaa ndani, au chini ya chandarua kisicho na matundu, hadi kidonda kifunge. Kidonda hutazamwa asubuhi na jioni. Funza wakionekana, hutolewa kwa kibano mmoja mmoja, kidonda huoshwa tena kwa chumvi, na kesho yake hurudiwa, kwani si rahisi kuwamaliza wote mara moja. Kuku huweza kupona hata baada ya funza, iwapo wamegunduliwa kabla hawajachimba ndani.

Siku ya pili au ya tatu ngozi iliyopondeka hugeuka kijani. Wengi hudhani nyama imeanza kuoza na kuamua kuchinja. Kwa ndege, rangi hiyo ni hali ya kawaida ya damu iliyovia: mwili wake huvunja damu hadi kwenye rangi ya kijani na kuishia hapo, wakati kwa binadamu kijani huendelea hadi manjano. Kuoza hutambuliwa kwa harufu, kwa ngozi nyeusi iliyo baridi, na kwa majimaji machafu.

Usaha wa kuku nao si wa majimaji kama wa mbuzi au wa mtu. Huganda na kuwa kitonge kikavu cha manjano chini ya ngozi. Kwa hiyo jeraha linaloambukizwa halivuji. Hujenga uvimbe mgumu. Kila siku vidole hupitishwa taratibu juu ya mahali palipoumwa, na uvimbe mgumu ukipatikana ni wa kupasuliwa na kutolewa na mtaalamu, kwa kuwa dawa ya kunywa au ya sindano haipenyi vizuri ndani ya kitonge hicho.

Kuhusu dawa za kuua bakteria, kuku aliyeumwa na paka au aliye na vitundu vingi anazihitaji mapema, na bora zaidi ni siku hiyo hiyo. Duka la dawa za mifugo huuza unga wa oksitetrasaiklini wa kuchanganya na maji, ila kuku mgonjwa hunywa kidogo, na dawa iliyomo kwenye maji asiyoyanywa haimfikii. Ndiyo maana ushauri wa bwana mifugo wa kata una thamani: atampima uzito, ataamua dawa na kiwango, na pengine atamchoma sindano. Dawa ikitumika, mayai na nyama haviliwi mpaka muda ulioandikwa kwenye kibandiko uishe. Muda huo umewekwa kwa ajili ya afya ya walaji wa nyumba hiyo, hasa watoto, na haufupishwi kwa sababu yai linaonekana zima.

Dawa za binadamu za kutuliza maumivu hazifai kukisiwa kwa ndege. Diklofenaki, kidonge kinachopatikana kila duka la dawa, ndiyo iliyoangamiza tai wa India na nchi za jirani kuanzia miaka ya 1990: walikula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa nayo na figo zao zikakoma kufanya kazi, hata India ikapiga marufuku matumizi yake kwa mifugo mwaka 2006. Mtaalamu akiona kuku ana maumivu makali huchagua dawa nyingine, mara nyingi meloksikamu, kwa kipimo cha uzito wake.

Mifupa ya ndege huunga haraka kuliko ya wanyama wanaonyonyesha. Wiki tatu hutosha kwa mivunjiko mingi. Mguu uliovunjika chini ya goti bila kutoboa ngozi huwekewa pamba, kisha vijiti viwili vyepesi, kisha bendeji isiyokaza, na vidole vikivimba au kupoa bendeji hulegezwa papo hapo. Bawa lililovunjika hukunjwa kama linavyokaa kuku akipumzika, likafungwa pamoja na mwili kwa kitambaa kipana kinachopita chini ya bawa zima la upande wa pili, kikiwa kimelegea kiasi cha kidari kuchezea. Paja halifungiki kwa vijiti; kuku huyo huwekwa kwenye kizimba kidogo asiweze kurukaruka. Huenda akabaki akichechemea maisha yake yote, na hilo halimzuii kutaga wala kulea.

Chakula huja baada ya maji. Kuku anayeanza kudonoa yuko njiani kupona. Pumba iliyoloweshwa, yai la kuchemsha lililopondwa, dagaa waliosagwa na mchicha uliokatwakatwa humfaa kuliko punje ngumu, na protini ndiyo anayoihitaji zaidi, kwa kuwa unyoya karibu wote ni protini. Manyoya yaliyong'oka pamoja na mizizi huanza kuchipua ndani ya wiki chache. Yaliyokatika hubaki vishina mpaka kuku apukutishe kwa wakati wake. Kutaga hukoma kwa siku au wiki, na si jambo la kuhangaikia. La kuhangaikia ni kuku aliyekuwa na yai tayari tumboni wakati wa shambulio, kisha akawa anajikamua, tumbo limejaa na mkia umeshuka. Yai linaweza kuwa limevunjikia ndani, na huyo hupelekwa kwa mtaalamu bila kuchelewa. Ikiwa aliyejeruhiwa ni mama wa vifaranga, vifaranga nao ni wagonjwa wa nusu: bila joto lake usiku wa kwanza utawamaliza, kwa hiyo hupewa taa ya joto, chupa ya maji ya moto, au mama mwingine mwenye vifaranga vya umri huo huo, akiongezewa gizani.

Wenzake hawamsaidii. Kuku huvutwa na wekundu wa damu, na kidonda kidogo kilichoachwa kundini huwa shimo kabla jua halijatua. Mgonjwa hutengwa tangu mwanzo, lakini ni vizuri kizimba chake kikae mahali anapowaona na kuwasikia, maana kuku aliyepotea machoni kwa wiki mbili hurudi kama mgeni na hupigwa upya. Hurudishwa ngozi ikiwa imefunga kabisa, jioni wakati wa kupanda kichanjani, na asubuhi yake husimamiwa kidogo.

Kisu kinapostahili

Wapo wasiopona, na kuwachelewesha ni kuwatesa. Kuku ambaye utumbo umetoka na kuchanika, ambaye uti wa mgongo umevunjika akawa hahisi miguu yote miwili baada ya siku mbili za kutulia, au ambaye hawezi kumeza maji licha ya kusaidiwa, anastahili kuchinjwa kwa mkono wa mtu anayejua na kwa kisu kikali. Kwa Waislamu, aya ya tatu ya Sura ya Al-Maida inahesabu alichojeruhi mnyama mkali kuwa haramu, isipokuwa kilichowahiwa kikiwa hai kikachinjwa. Aliyekutwa amekufa ni mzoga. Kwa upande wa afya, nyama ya kuku aliyewahiwa papo hapo huweza kuliwa baada ya kukata na kutupa sehemu zilizong'atwa, ila si ya aliyekaa siku kadhaa na kidonda kilichooza, wala ya aliyepewa dawa ambaye muda wa kibandiko haujaisha, wala ya aliyeng'atwa na mbwa anayeshukiwa kuwa na kichaa.

Kichaa cha mbwa hakipuuzwi katika jambo hili. Ndege kwa kawaida hawakiambukizi, lakini mbwa, nguchiro au mbweha aliyeingia uani mchana bila woga anaweza kuwa nacho, na mate yake mabichi yamo kwenye manyoya ya kuku. Anayemshughulikia huvaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi, hasa akiwa na mchubuko, na hunawa kwa sabuni baadaye. Mtu akiumwa au kukwaruzwa na mvamizi huyo wakati wa kumfukuza, jeraha lake huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha huenda hospitali siku hiyo hiyo kuchanjwa. Dalili za kichaa zikishaanza kwa binadamu, tiba huwa imechelewa. Hapo kuku anasubiri, mtu anatangulia.

Banda nalo hutengenezwa kabla ya giza kuingia. Mnyama aliyekula kuku mahali hurudi hapo hapo, mara nyingi usiku unaofuata, akipitia tundu lile lile. Wavu mwembamba wa kuku humzuia kuku kutoka, haumzuii mbwa wala nyegere kuingia. Waya wa kuchomelea wenye matundu yasiyozidi inchi moja, uliofukiwa sentimita 30 ardhini kuzunguka banda, ndio unaowashinda wengi, pamoja na komeo lisilofunguka kwa kusukumwa. Anayemuuguza kuku mmoja katonini huku tundu la jana likiwa bado wazi, alizibe leo kabla jua halijazama.